Utafiti wa Juja na Ruiru Una Somo Gani Kwetu Wapwani?

Kutoka Ruiru hadi Thika, katika Kaunti ya Kiambu, ni mwendo wa kilomita zipatazo ishirini tu. Lakini ni vigumu kupata ukanda mwingine mfupi kama huo hapa nchini uliokusanya wataalamu wengi hivyo wa mambo ya ardhi. Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa. Juja, katikati ya njia, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambacho wengi wetu tunakijua kwa kifupi kama JKUAT. Ndani ya chuo hicho kimoja wamo wanaosomea mbegu na mimea, wamo wanaosomea kupima ardhi na kuchora ramani, na wamo wanaosomea kusanifu majengo. Yaani wako watu wa kutwambia tupande nini, ardhi imeanzia wapi na imeishia wapi, na juu yake tujenge vipi.

Maswali hayo matatu ndiyo yanayotusumbua sisi wa pwani, kutoka Vanga hadi Kiunga. Minazi imezeeka na hatujui tupande mche gani badala yake. Shamba tumerithi kwa babu lakini hatuna karatasi. Nyumba za mawe katika miji yetu ya kale zinapasuka, na mafundi wanaojua kuzitengeneza wanapungua kila mwaka. Ndiyo maana nimeona leo tutazame ya wenzetu wa Juja na Ruiru, si kwa husuda wala kwa kujidharau, bali tupate kujua wamefanikiwa wapi, wamekwama wapi, na sisi tudai nini kwa vyuo vyetu wenyewe.

Nitasema mapema ninaloamini. Ugunduzi wa maabara ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni njia ya kuufikisha kwa mkulima, kwa mwenye shamba na kwa fundi. Pale njia hiyo ilipojengwa, watu walinufaika. Pale ilipokosekana, elimu ilibaki kwenye makabati. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali, na sisi Waislamu tumefundishwa kumwomba Mola elimu yenye manufaa na kujikinga na ile isiyonufaisha.

Kahawa ya Ruiru: miaka kumi na minne

Tuanze na Ruiru. Ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa yakiwa bado mtini, ambao wakulima huuita CBD, ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ukalipuka vibaya sana katika maeneo ya kahawa. Mkulima akawa hana budi kupuliza dawa mara kwa mara wakati wa mvua, na dawa ni pesa. Mwenye shamba dogo alikuwa akivuna, akilipa deni la dawa, kisha anabaki mikono mitupu.

Mwaka 1971 watafiti wa Ruiru wakaanza kazi ya kuzalisha kahawa itakayostahimili ugonjwa huo. Walichanganya aina za kwetu zenye ladha nzuri na aina za nje zenye nguvu ya kupambana na maradhi. Mwaka 1985 wakatoa aina mpya, wakaipa jina la mji wao: Ruiru 11. Inastahimili CBD, inastahimili na kutu ya majani. Tena mti wake ni mfupi, kwa hivyo katika ekari moja huingia miti mingi zaidi.

Kutoka 1971 hadi 1985 ni miaka kumi na minne. Naomba msomaji aishike hesabu hiyo. Muhula wa gavana ni miaka mitano. Mradi wa mfadhili mara nyingi ni mitatu. Kama kazi ya Ruiru ingewekwa mikononi mwa watu wanaotaka matokeo kabla ya uchaguzi ujao, ingekufa njiani.

Lakini hata baada ya aina hiyo kupatikana, tatizo jingine lilijitokeza. Ruiru 11 ni mbegu ya machotara. Ili kuipata mbegu yake, mtu huchukua chavua ya mti mmoja na kuipaka kwa mkono kwenye ua la mti mwingine, ua kwa ua. Ni kazi ya vidole na subira. Matokeo yake, wakulima waliotaka miche walikuwa wengi kuliko miche iliyokuwapo. Dawa ya tatizo ilikuwa imepatikana, lakini watu walikuwa kwenye foleni. Ilibidi zitafutwe njia nyingine za kuizalisha, kama kupandikiza vikonyo vyake juu ya mashina ya kahawa ya zamani. Kisha mwaka 2010 kituo hicho kikatoa aina nyingine, Batian, iliyopewa jina la kilele kirefu cha Mlima Kenya. Hii mbegu yake inazaa mti unaofanana na mama yake, kwa hivyo haihitaji ile kazi ya kupaka chavua kwa mkono.

Hapo pana somo la kwanza. Mtafiti anayemfikiria mkulima hajiulizi tu kama mmea wake ni mzuri. Anajiuliza pia: mche wa milioni moja utatoka wapi, kwa bei gani, na nani ataubeba hadi kijijini?

Juja: kutoka diploma hadi migomba ya chupa

Chuo cha Juja kilianza mwaka 1981 kama chuo cha kati, kwa msaada mkubwa wa Serikali ya Japani, juu ya ardhi iliyotolewa na Rais wa kwanza, Mzee Jomo Kenyatta. Wahitimu wake wa kwanza, mwaka 1984, walipata diploma katika fani kama uhandisi wa kilimo, teknolojia ya vyakula na kilimo cha matunda na mboga. Mimi mwenyewe nina diploma, si digrii, na hupenda kuwakumbusha watu jambo hilo wanapodhani kwamba elimu ya kufaa watu ni lazima ianze kwa joho refu. Mwaka 1988 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 1994 kikawa chuo kikuu kamili.

Katika kazi zilizokipa jina mashambani ni ile ya migomba. Miaka ya nyuma migomba ya Kenya ilikuwa ikidhoofishwa na magonjwa ya mizizi na majani, na na wadudu wanaotoboa shina. Mkulima alikuwa akipanda kwa desturi: anang'oa chipukizi shambani kwake au kwa jirani na kulipanda kwingine. Ubaya ni kwamba akihamisha chipukizi, anahamisha pia maradhi na wadudu wake.

Njia ya maabara ni tofauti. Huchukuliwa kipande kidogo cha ncha ya mgomba wenye afya, kikawekwa ndani ya chupa yenye chakula cha mmea, katika chumba kisafi. Kipande hicho huchipuza, hugawanywa, huchipuza tena, mpaka kutoka mgomba mmoja ipatikane miche mingi iliyo sawasawa. Halafu miche huhamishiwa kitaluni izoee jua na upepo, kabla ya kwenda shambani. JKUAT ni mojawapo ya maabara zilizoisambaza miche hiyo, pamoja na taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, ambayo ina kituo cha matunda na mboga karibu na Thika. Faida yake kubwa sokoni ni kwamba migomba iliyopandwa siku moja hukomaa kwa pamoja, na mnunuzi mwenye lori hupata mzigo wa kujaza lori.

Lakini mche wa maabara si hirizi. Ukiupanda kwenye udongo wenye ugonjwa, unaugua kama mwingine. Unataka maji na mbolea. Na unanunuliwa kwa pesa, ilhali chipukizi la jirani ni bure. Kwa hivyo uliwafaa zaidi wale waliokuwa na kikundi, kitalu cha karibu na mtaalamu wa kilimo wa kuwashika mkono. Palipokosekana watu hao wa katikati, miche ilikufa na mkulima akasema kwamba wazungu na maprofesa wamemdanganya.

Kwa sisi wa pwani, watu hao wa katikati ni jukumu la nani? Katiba ya 2010 iliupeleka ugani wa kilimo kwa serikali za kaunti. Basi tusimlaumu mtafiti wa Mtwapa au mhadhiri wa Kilifi peke yake. Tumuulize na waziri wa kilimo wa kaunti: wadi yetu ina maofisa ugani wangapi, na mara ya mwisho walifika lini?

Mbegu bora, ardhi imekwenda

Sasa tuje kwenye upande ambao Ruiru imeshindwa, maana pana funzo kubwa zaidi.

Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna takriban tani 130,000 za kahawa. Miaka ya karibuni mavuno yamekuwa chini hata ya tani 50,000. Hayo yametokea huku mbegu bora ikiwapo. Sababu zilikuwa nyingi: bei kuporomoka katika soko la dunia, vyama vya ushirika kuendeshwa vibaya, malipo kuchelewa, madeni. Na karibu na Nairobi kulikuwa na sababu nyingine: shamba la kahawa lilikuwa na thamani kubwa zaidi likikatwa viwanja.

Mwaka 2009 mji wa Ruiru ulihesabiwa watu 238,858. Sensa ya 2019 ikahesabu 490,120. Kwa miaka kumi mji umezidi maradufu, ukawa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya Kenya, mbele ya Kisumu na Eldoret. Barabara kuu ya Thika ilikamilika mwaka 2012, na mashamba yaliyokuwa ya kahawa yakaota majumba. Mji mpya wa Tatu City, hapo hapo Ruiru, unajengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa. Juja nako, maghorofa ya kupangisha wanafunzi yamesimama kila upande wa chuo.

Sisemi watu wasijenge. Watu wanazaliwa, wanahamia mjini, lazima walale mahali. Ninachosema ni kwamba mtu wa mbegu, mtu wa ramani na mtu wa majengo walisoma ndani ya ua mmoja, lakini nje ya ua huo kila mmoja alikwenda njia yake. Mwenye mbegu aliboresha kahawa. Mpima ardhi akakodiwa kulikata shamba la kahawa hiyo. Msanifu akakodiwa kuchora ghorofa juu yake. Na wote watatu walifanya kazi nzuri kitaaluma! Hakuna aliyevunja kanuni ya fani yake. Kilichokosekana ni mpango wa matumizi ya ardhi uliokubaliwa na watu na kusimamiwa na serikali, unaosema hapa tutalima na hapa tutajenga.

Wapwani tufungue macho. Kinachotokea Ruiru kimeshafika Mtwapa, Kikambala, Diani na Watamu. Mashamba ya minazi na mikorosho yanakatwa viwanja kila wiki. Tukizalisha mnazi bora kupita yote duniani leo, tutaupanda wapi baada ya miaka ishirini?

Mali bila daftari

Hapo ndipo ramani inapoingia, na kwetu ramani si jambo la kitaalamu tu. Ni jambo la damu.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ule ukanda wetu wa maili kumi. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa ajitokeze athibitishe dai lake. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai au aliyeweza kuithibitisha ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Waliojua kusoma karatasi za Kizungu walipata hati. Wengi wa Mijikenda, na Waswahili wengi wa vijijini, hawakupata. Wajukuu wao ndio wanaoitwa maskwota leo juu ya makaburi ya babu zao. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ya kwetu ilipotea kwa sababu daftari lilishikwa na mwingine.

Leo vyombo vya kuandikia daftari vimekuwa rahisi. Juja wanafundisha upimaji kwa setilaiti, picha za droni na mifumo ya kompyuta ya kuweka taarifa za ardhi juu ya ramani. Lakini mfano mzuri zaidi wa namna ya kuvitumia sikuuona Kenya, nimeuona kwa jirani zetu. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa darasani wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakaungana na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko. Walipita mtaa kwa mtaa wakiandika nyumba, njia, mitaro, na maji yanapopita. Ramani zikawekwa wazi mtandaoni, kila mtu azione. Zanzibar, mwaka 2016, ukaanza mradi wa kupiga picha za Unguja na Pemba kwa droni, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafundishwa kuzirusha wenyewe. Mwanafunzi alipata mafunzo yake, na mtaa ulipata ramani.

Nina mpwa wangu aliyesomea upimaji katika chuo kimoja cha bara. Kazi yake ya mwisho ilihusu kijiji kimoja cha pwani ya kusini: ufuo umeliwa kiasi gani na bahari, kwa kulinganisha picha za setilaiti za miaka tofauti. Nikamuuliza wanakijiji walisemaje walipoiona. Akacheka. "Mjomba, walipewa na nani? Mimi nilipata alama zangu, kitabu kikawekwa maktaba."

Sitamlaumu kijana. Hakuna aliyemtaka airudishe. Lakini fikirieni: watu wa kijiji kile ndio waliomwonyesha njia, wakampa maji ya madafu, wakamwambia bahari ilikuwa wapi walipokuwa watoto. Elimu ikachukuliwa kwao na haikurudi. Na kijiji kile kinaendelea kujenga mahali ambapo ramani iliyo maktabani inasema bahari inakuja.

Hata hivyo, nisiwaimbie ramani sifa tupu. Ramani si hati ya kumiliki. Na ramani iliyochorwa bila watu inaweza kuwa mwizi mwenye kalamu. Ramani ya kawaida ya mpimaji huonyesha mipaka na mawe yake ya pembeni. Haionyeshi kwamba hapa kwetu mtu anaweza kumiliki minazi ndani ya ardhi ya mwingine. Haionyeshi kisima cha wakfu, njia ya wavuvi kuteremka ufuoni, mzimu, kaya, wala makaburi yasiyojengewa. Kama vitu hivyo havikuandikwa, mwenye hati mpya ataweka ukuta na kusema havikuwapo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imetufungulia mlango wa kusajili ardhi kwa jina la jamii, lakini mlango huo hauingiwi mikono mitupu. Yataka ramani, na yataka wazee wakae na vijana wenye vyombo, waonyeshane mti kwa mti.

Nyumba ya mawe na nyumba ya saruji

La tatu ni majengo. Mababu zetu walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta mnene huzuia joto la mchana. Kiwanda cha ndani kilicho wazi juu huvuta upepo. Njia nyembamba kati ya nyumba hutoa kivuli. Hayo hayakuandikwa katika kitabu chochote cha chuo, lakini yalikuwa ni utafiti wa karne nyingi, maana nyumba isiyofaa haikuigwa.

Chuo kilipoyatazama mambo hayo kwa heshima, kheri ilitoka. Usam Ghaidan, aliyekuwa mwalimu wa usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliichunguza Lamu nyumba kwa nyumba, na mwaka 1975 akachapisha kitabu kuhusu mji huo. Kazi kama hizo ziliwasaidia wahifadhi waliokuja baadaye kujua ni kitu gani hasa kinachohifadhiwa. Mwaka 2001 Mji wa Kale wa Lamu ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Sasa tazama yanayoendelea leo. Mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Majengo yanaota kila kaunti. Swali langu kwa wasanifu, wa Juja na wa kwingineko, ni hili: nyumba inayojengwa Mombasa, penye joto na unyevu wa kaskazi, inatofautianaje na ile inayojengwa Thika, penye baridi ya Julai? Kama zinafanana, basi mwananchi wa Mombasa atalipa nyumba mara mbili, kwa makato ya mshahara na kwa bili ya umeme wa feni na mashine ya baridi.

Vifaa mbadala vipo na vimefanyiwa kazi vyuoni kwa miaka. Kuna matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, yakashindiliwa kwa mashine bila kuchomwa kuni, yanayoshikana moja na jingine bila lipu nyingi. Na kuna chokaa chetu, ambacho ukuta wa matumbawe unakipenda. Ukuta wa zamani ukipigwa lipu ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, na mawe huanza kuoza kimyakimya. Fundi mzee wa Kibokoni analijua hilo bila maabara. Linalotakiwa ni mhandisi aliandike kwa lugha ambayo ofisi ya kaunti itaikubali inapopitisha michoro ya ujenzi.

Sisi tuna nini mkononi?

Kuna tabia ya kusema pwani haina vyuo. Si kweli tena. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, palipokuwa na taasisi ya kilimo. Kilianza kama chuo kishiriki mwaka 2007 na kupata hati yake mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilipata hati mwaka huo huo, na asili yake ni ile MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya wakati huo, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Wazee wetu walijua kwamba kijana bila amali mkononi ni mzigo. Na Mtwapa kuna kituo cha taifa cha utafiti wa kilimo cha ukanda wetu.

Tena tuna mfano wa zao la kwetu. Tanzania, msimu wa 1973/74, ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeanguka hadi chini ya tani 20,000, kwa sababu watu walihamishwa mashambani mwao, bei ilikuwa mbaya, na ugonjwa wa ubwiriunga uliunguza maua. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kikashughulikia ugonjwa na miche bora, soko nalo likarekebishwa, na msimu wa 2017/18 zikavunwa zaidi ya tani 300,000. Mikorosho ya Kilifi na Kwale ni ndugu wa ile ya Mtwara. Kwa nini sisi kiwanda chetu cha Kilifi kilifungwa na miti yetu ikaachwa izeeke?

Pesa ni sehemu ya jibu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliahidi asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti. Ahadi hiyo haijawahi kutimizwa, na vyuo vya umma vinaishi kwa madeni na migomo. Lakini yapo ambayo hayangojei Nairobi, na napendekeza manne.

Kwanza, kaunti zetu za pwani zichague zao moja, liwe mnazi au korosho, zifunge mkataba na Chuo Kikuu cha Pwani na kituo cha Mtwapa kwa muda usiopungua miaka kumi na mitano, na mkataba huo uwe na vitalu vya miche katika kila wadi. Uwekwe kisheria na bunge la kaunti, ili gavana mpya asiutupe.

Pili, kila mwaka wanafunzi wa upimaji wanaotafuta nafasi ya mafunzo kazini wapelekwe katika kata zetu, wakae na wazee, wachore ramani za wazi zinazoonyesha pia miti, visima, wakfu, makaburi na njia za ufuoni. Nakala moja ibaki kwa mzee wa mtaa.

Tatu, Chuo cha Kiufundi cha Mombasa pamoja na vyuo vyetu vya ufundi vifungue kozi ya chokaa, matumbawe na useremala wa milango, na mafundi wazee wawe walimu wenye kulipwa, wawe na cheti wasiwe nacho.

Nne, na hili halihitaji hata senti. Serikali za kaunti na machifu wanaotoa ruhusa ya utafiti waweke sharti moja: yeyote anayechukua elimu kwetu airudishe barazani, kwa Kiswahili, kabla ya kupewa barua ya kukamilisha. Kurasa mbili zatosha, na saa moja ya maswali chini ya mwembe.

Miezi ya vikao vya bajeti za kaunti ikifika, wengi wetu tunakwenda kuuliza barabara, basari na maji, na tuna haki. Safari hii, katika ukumbi wa wadi yako, ongeza swali moja: mwaka jana utafiti gani ulifanywa kuhusu sisi, na ripoti yake iko wapi?